Utengamao si kukandwa

Utengamao ni huduma ya kumrudishia mtu uwezo wa kufanya mambo yake baada ya ugonjwa, ajali au maumivu ya muda mrefu kumpokonya: kuinuka kitandani, kuoga mwenyewe, kuchota maji, kulima, kukaa ibadani hadi mwisho, kurudi kazini. Wizara ya Afya huitaja kwenye mstari mmoja na kinga, tiba na tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mwenye ugonjwa mzito. Lakini huku kwetu Mbeya, kuanzia Uyole hadi Mwanjelwa, nalisikia neno hili kwa maana mbili na zote mbili si zake. Ya kwanza ni kukandwa: "Nampeleka bibi utengamao, akakandwe mgongo." Ya pili inanisikitisha zaidi, kwamba ni sehemu wanakopelekwa walioshindikana. Juzi nimeisikia tena redioni. Mtangazaji anaeleza vizuri tu habari za hospitali, kisha anasema dawa zikigoma mgonjwa "anaachiwa watu wa mazoezi".

Kwa aliyevunjika mguu au aliyepata kiharusi, kosa hilo halidumu, maana ndugu wanaona kwa macho mtu anajifunza kutembea upya. Madhara yake yako kwenye maumivu sugu, ambako hakuna plasta wala mkongojo wa kuonyesha watu.

Maumivu sugu ni yale yaliyodumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi 3. Hayapimwi kwa ukali. Yanaweza kuwa makali au ya wastani. Kinachoyatambulisha ni muda. Katika orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, yamepewa nafasi yake kama tatizo linalojitegemea, wala si dalili tu ya kitu kingine kinachotafutwa. Na mwaka 2020 Jumuiya ya Kimataifa ya Utafiti wa Maumivu iliboresha maelezo yake: maumivu ni hali isiyopendeza ya mwili na hisia, inayohusiana na madhara yaliyotokea au yanayoweza kutokea mwilini, au inayofanana na ile inayoletwa na madhara hayo. Hayo maneno "au inayofanana" yana uzito mkubwa. Maana yake mtu anaweza kuumwa kweli, tena sana, wakati mwilini hakuna kinachochanika wala kuvunjika upya.

Maumivu mapya ni onyo. Umeteguka leo, mguu unakukataza kuukanyaga, na una haki ya kuutii. Yakikaa miezi na miaka, mara nyingi mishipa ya fahamu na ubongo vinakuwa vimeongezewa wepesi wa kushtuka. Ni kama mbwa wa ulinzi aliyezoea kubwekea wezi, sasa anambwekea hata mwenye nyumba. Kelele ni za kweli, ila mwizi hayupo. Kwa hiyo anayemwambia mgonjwa "picha haina kitu, basi huumwi" anakosea, na anayemwambia "ukiinama utauvunja uti wa mgongo" anakosea vilevile. Huyu wa pili ndiye anayewalaza watu. Mama akiambiwa hivyo mara moja na mtu anayemheshimu, ataacha kuinama, kisha ataacha kubeba ndoo, kisha shamba, kisha msiba wa jirani kwa sababu kule watu hukaa chini. Misuli inalegea, usingizi unaharibika, na siku akijaribu kuinama maumivu yanamjia mapema kuliko zamani, naye anasema: mnaona, niliwaambia.

Sasa kukandwa. Sikatai kwamba maji ya moto na mikono inayojua vinafariji. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu maumivu sugu ya kiuno, uliotolewa Desemba 2023, umeyataja hata masaji miongoni mwa vitu vinavyoweza kusaidia. Lakini umeyataja pamoja na mazoezi, elimu kwa mgonjwa na msaada wa kisaikolojia, na ukashauri wagonjwa wasipewe kwa mazoea mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo kwa mashine, wala dawa za jamii ya mofini. Tofauti ninayoigombania ni hii: kukandwa unafanyiwa, utengamao unaufanya. Unayekandwa unalala, mwenye kazi ni mwingine, na ukitoka hapo jembe lako liko palepale ulipoliacha. Hata sindano ya diklofenaki, ile dawa ya kutuliza maumivu, ya kila wiki iko upande huohuo, na yenyewe ina gharama nyingine tumboni na kwenye figo.

Aliyetusaidia kuiona tofauti hiyo ni mwanasaikolojia wa Marekani, Wilbert Fordyce, aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle. Miaka ya 1960 na 1970 aliacha kuuliza tu "maumivu yanatoka wapi?" akaanza kutazama kinachotokea baada ya mgonjwa kuonyesha kwamba anaumwa. Aliona kwamba kuguna, kujishika kiuno na kulala vinaweza kuendelezwa na vinavyofuata baada yake: kupumzishwa, kupewa dawa, kuhurumiwa. Hakusema wagonjwa wanajifanya. Alisema binadamu yeyote hujifunza hivyo, bila hata kujua. Basi akageuza mpangilio: dawa zikatolewa kwa saa zilizopangwa badala ya kutolewa kila mtu anapougulia, na mapumziko yakaja baada ya kumaliza kiasi cha kazi kilichopangwa badala ya kuja baada ya kuumwa.

Ukitaka kuelewa alichokiona, nenda kwenye mashamba ya viazi ya Isyonje. Mama anapalilia, mgongo unambana, anasimama na kukunja uso. Mkamwana anakimbia: "Mama acha, lete jembe, pole sana." Anapewa kigoda na chai. Kesho yake amepalilia vizuri bila kulalamika, na hakuna aliyemwambia neno. Mkamwana hana kosa. Ndivyo alivyolelewa, na angekaa kimya tungemwita mkatili. Lakini familia nzima imeweka upendo wake wote upande wa maumivu, na upande wa kazi hawakubakiza kitu.

Daktari wa mazoezi, yaani mtaalamu wa fiziotherapia, anayejua utengamao hatampa mama huyu orodha ya makatazo. Atamwambia kwanza apalilie siku tatu kama anavyoweza na ahesabu matuta. Tuseme siku ya kwanza, kwa sababu ameamka vizuri, kapalilia 6; ya pili 4; ya tatu, mgongo umekasirika, 2. Wastani ni 4. Basi anaanzishiwa chini ya hapo: matuta 3 kila siku, kisha anapumzika. Akifika la tatu bado ana nguvu, anasimama. Akifika la pili ameanza kuumwa kwa kiasi chake cha kila siku, anamalizia la tatu polepole ndipo anakaa. Baada ya wiki moja au zaidi inaongezwa tuta moja, halafu lingine.

Watu wengi wanadhani sehemu ngumu ni kumalizia lile la tatu. Kwa uzoefu wangu, ngumu ni kumsimamisha kwenye la tatu siku aliyoamka mzima. Watu wa nyanda hizi hatujui kuacha kazi njiani. Jua likitoka baada ya ile baridi ya Julai, mama anataka amalize shamba lote kwa siku moja, anajaza na lumbesa mbili, kisha analala siku tatu na kuapa hatashika jembe tena. Mpango uliwekwa kuikata safari hiyo ya kupanda na kuporomoka. Kinachopima kazi ni idadi iliyokubaliwa. Maumivu hayapewi tena kiti cha mwenyekiti.

Ndiyo maana utengamao hauwezi pia kuwa "jikaze". Neno hilo nalisikia kwa wazee wa kiume hasa. Kujikaza ni kupambana na maumivu bila kipimo, na mwisho wake ni kitandani. Aliyezuia kupumzika kabisa na aliyezuia kufanya kazi kabisa wamemnyima mgonjwa kitu kilekile, yaani kiasi. Kuhusu kulala, jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 1986, likiongozwa na Richard Deyo, liligawa wagonjwa wa mgongo, wengi wao wa maumivu mapya: wengine walishauriwa kulala siku 2, wengine siku 7. Waliolala 7 hawakupona vizuri zaidi, na wale wa siku 2 walikosa kazi siku chache kuliko wao. Na hayo mengi yalikuwa maumivu mapya, ambako angalau kupumzika kuna sababu.

Haya yote yanakuja baada ya mgonjwa kupimwa na kuonekana kwamba hakuna hatari nyingine. Mgongo unaoambatana na homa, kukonda bila sababu, miguu kulegea, ganzi sehemu za siri, au kushindwa kuzuia mkojo na choo, huo si wa kuhesabia matuta. Unawahishwa hospitali siku hiyohiyo. Huku kwetu kifua kikuu cha uti wa mgongo bado kipo, na mtu asikandwe nyumbani miezi wakati ugonjwa unakula pingili.

Nirudi kwa walioshindikana. Utengamao hauji mwisho wa foleni. Kadiri mtu anavyokaa mbali na shughuli zake ndivyo kurudi kunavyokuwa kugumu, kwa hiyo ungefaa uanze mapema, sambamba na dawa. Tena lengo lake halisubiri maumivu yaishe. Mara nyingi yanapungua. Wakati mwingine yanabaki palepale, ila mama anapalilia, anakwenda kikundi cha akina mama, analala usiku. Ukimuuliza "mgongo umepona?" atasema haujapona. Ukimuuliza jana alifanya nini, utashangaa orodha.

Nawaomba ndugu jambo dogo. Ile pole msiiache, ihamisheni tu. Badala ya "pole na mgongo" anapojishika kiuno, mpeni "pole na kazi" anapomaliza matuta yake, na kigoda na chai vije hapo. Na mtakapomsindikiza kwa daktari wa mazoezi, msiishie kusema mgongo unamsumbua tangu mwaka juzi na mnaomba akandwe. Semeni na anachotaka kurudi kukifanya: anataka afike shambani kwa miguu yake kabla mvua za Novemba hazijaanza. Hapo ataelewa mmekuja utengamao, naye atajua pa kuanzia.