Nyuzi za kauri: usinunue kwa namba ya kwenye boksi

Blanketi la nyuzi za kauri, lile la kutandika ndani ya tanuru ili kuzuia joto, mafundi wengi wa matanuru huliita pamba. Huja imeviringishwa kama godoro, nyeupe na nyepesi, na juu ya boksi imeandikwa 1260°C. Mwenye karakana akiiona namba hiyo huamini kwamba tanuru lake likifika digrii 1260 hana wasiwasi. Sivyo. Namba hiyo ni daraja la kipimo: kipande cha blanketi huwekwa kwenye joto hilo kwa saa 24, na kinahesabiwa kimefaulu kama hakikusinyaa kupita asilimia 4. Kwa hiyo kwenye digrii 1260 blanketi limeshaanza kusinyaa. Kwa kazi ya kila siku, shuka digrii 100 hadi 150 chini ya hapo, la sivyo viungo vitaachana na moto utapenya hadi kwenye bati la nje.

Blanketi la kawaida ni alumina (oksidi ya alumini) na silika (oksidi ya silikoni, kama iliyomo kwenye mchanga), karibu nusu kwa nusu. Malighafi yake inaweza kuwa kaolini, udongo mweupe kama ule wa vilima vya Pugu karibu na Dar es Salaam. Huyeyushwa kwa umeme kwenye joto la kukaribia digrii 2000, kisha uji wake hupulizwa kwa hewa kali au kurushwa na magurudumu yanayozunguka kwa kasi, ukageuka nyuzi nyembamba za mikromita (sehemu ya elfu ya milimita) chache tu. Ukiongezwa zirkonia (oksidi ya zirkoni), karibu asilimia 15, daraja hupanda hadi kwenye digrii 1400 na kitu.

Juu ya hapo njia ya kuyeyusha haifai tena, kwa kuwa alumina ikizidi, uji hauvutiki kuwa uzi. Badala yake huandaliwa kimiminika kizito cha chumvi za alumini, kikavutwa kuwa nyuzi, ndipo nyuzi zikachomwa. Nyuzi hizi za fuwele hustahimili hadi kama digrii 1600, na bei yake inatisha. Hata hivyo huenda unatembea nazo barabarani: mkeka unaoshikilia masega ya kusafisha moshi ndani ya eksozi ya gari mara nyingi hutengenezwa kwa nyuzi hizo.

Zipo pia nyuzi ndefu zisizokatika, ambazo hufumwa kuwa kitambaa au kamba. Maarufu ni Nextel za kampuni ya 3M. Nextel 312 ina alumina asilimia 62.5, silika 24.5 na oksidi ya boroni 13. Nextel 610 ni alumina zaidi ya asilimia 99. Vyombo vya anga vya Space Shuttle vya Marekani vilizitumia kwenye kinga yao ya joto, ingawa vigae vyao vingi vilikuwa vya nyuzi za silika karibu tupu, vyenye uzito wa kilo 144 tu kwa mita ya ujazo.

Wepesi huo ndio siri yenyewe. Kinachozuia joto hasa ni hewa iliyonaswa kati ya nyuzi. Tofali zito la moto hupita kilo 2000 kwa mita ya ujazo, na lazima ulipashe lote kabla kazi haijaanza. Blanketi la kilo 128 halimezi joto kiasi hicho, kwa hiyo tanuru linalowashwa asubuhi na kuzimwa jioni huokoa mafuta mengi. Tanuru lisilozimwa miezi mizima halipati faida hiyo kwa kiwango hicho. Na palipo na chuma kilichoyeyuka au takataka zake, rudi kwenye tofali: blanketi litaliwa.

Sasa vumbi. Hii si asbesto, yale madini ya nyuzi yanayodhuru mapafu, maana haipasuki kwa urefu kuwa nyuzi nyembamba zaidi, bali hukatika kwa upana. Lakini zile zilizo chini ya mikromita 3 hufika ndani kabisa ya mapafu. Tangu 1988 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeziweka nyuzi za alumina na silika katika kundi la 2B, yaani huenda zinasababisha saratani. Kama tanuru lako halipiti digrii 1000, mimi ningenunua sufi ya silika yenye kalsiamu na magnesiamu, ambayo huyeyuka mapema zaidi ndani ya mapafu.

Siku ya hatari kubwa ni ya kubomoa. Upande uliokaa motoni, nyuzi hugeuka fuwele na kuzaa kristobaliti, aina ya silika ambayo IARC imeitambua kuwa husababisha saratani. Lowanisha blanketi kuukuu kabla ya kuligusa, vaa barakoa ya kuchuja chembe ya daraja la P3, usipulize kwa kompresa wala kufagia pakavu. Mabaki yafungwe kwenye mifuko miwili, na ovaroli zifuliwe palepale karakana, zisipelekwe nyumbani kwa watoto.