Faili la ushahidi wa ujuzi: yanayosemwa na yalivyo

Fundi aliyejifunzia kazi saiti au gereji, bila kukanyaga chuo, siku hizi anaweza kupimwa na kupewa cheti. Tanzania njia hiyo hupita VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na hufahamika kama kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo. Kenya nako upo utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu tayari anao, na wanafunzi wa vyuo vya ufundi wanaosoma kwa mtaala wa umahiri hujaza faili la ushahidi tangu muhula wa kwanza. Fani hutofautiana na vituo hutofautiana, lakini faili lenyewe halitofautiani sana: vigezo vya ujuzi upande mmoja, upande wa pili vithibitisho kwamba kazi hizo umezifanya wewe.

Wanaoliacha njiani aghalabu wanaijua kazi vizuri kabisa. Wanachokosa hukiita hamasa, na mara nyingi wanaisingizia bure.

"Nitalianza mambo yakitulia"

Mambo hayatulii. Kazi zikiwa nyingi unarudi nyumbani umechoka. Zikipungua, akili yote iko kwenye kutafuta kibarua kingine. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alieleza katika makala yake ya mwaka 1999 kwamba watu hutimiza nia zao zaidi wanapozifunga kwenye tukio maalumu, yaani likitokea hili nafanya lile, kuliko wanapojiambia tu kuwa watajitahidi. "Wiki hii nitalishughulikia faili" haina pa kushika. "Jumanne na Alhamisi, vyombo vya chakula cha usiku vikishaondolewa mezani, naandika maelezo ya picha tatu" ina siku, ina wakati, ina idadi, na ikishafanyika hakuna ubishi kwamba imefanyika. Tatu zinatosha. Anayejipangia kumi hufanya kumi siku ya kwanza, nne siku ya pili, na siku ya tatu humwoni.

"Hii ni kazi ya wikendi moja"

Mwaka 1994 watafiti Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha matokeo ya wanafunzi waliokuwa wakimalizia tasnifu. Kwa wastani wanafunzi hao walikadiria siku 34. Walitumia siku 55 na nusu. Hata walipoulizwa wangetumia siku ngapi iwapo kila kitu kingewaendea mrama, walitaja wastani wa siku 49 hivi, na bado hazikufika.

Faili nalo lina hesabu yake. Kipande kimoja cha ushahidi hula kama dakika 40: 10 za kuchagua na kupanga picha, 20 za kuandika maelezo, 5 za kuingiza kwenye jedwali la vigezo, 5 za kuipa picha jina na kuihifadhi mahali pawili. Ukiwa na vipande 24, hizo ni saa 16. Kwa saa mbili za wiki, unazungumzia wiki nane, na hapo hujahesabu sahihi za watu wengine. Sahihi ndiyo inayoua ratiba. Mteja amesafiri, msimamizi amehamia mradi mwingine, mhuri uko makao makuu. Kwa hiyo barua za uthibitisho ziombe kabla ya jambo lingine lolote, hata kabla hujanunua faili lenyewe, ili zizunguke huko wakati wewe unaandika.

"Picha ya kazi iliyokamilika inajieleza"

Haijielezi, na dhana hii ndiyo inayowagharimu mafundi kuliko nyingine zote. Ukuta uliopakwa rangi, wenye soketi nne zilizonyooka, unathibitisha kwamba ukuta una soketi nne. Mtathmini anataka kuona kilichomo ndani: mabomba ya umeme yamepita wapi, umetumia waya wa ukubwa gani, ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini) imeungwa vipi. Plasta ikishapigwa, ushahidi huo umezikwa na hakuna mteja atakayekuruhusu kubomoa.

Kila fani ina saa yake ya kuzikwa namna hiyo. Kwa mjenzi ni kabla ya kumwaga zege: nondo, nafasi kati ya ringi zinazozifunga, na vile vipande vidogo vya zege vinavyoinua nondo zisiguse ubao wa chini. Kwa mchomeleaji wa vyuma ni kabla ya pasi ya pili, yaani mstari wa pili wa kuchomelea: kingo zilivyochongwa, upana wa mwanya, na pasi ya kwanza ikiwa imeshasafishwa. Kwa fundi cherehani wa makoti ni kabla ya bitana kufunika mishono ya ndani. Fundi magari anayo anapofungua: kifaa kikuukuu na kipya vikiwa bega kwa bega, si gari lililooshwa likisubiri mwenyewe.

Tuchukue sakiti moja ya soketi, yaani mzunguko mmoja wa umeme, katika nyumba ya kuishi. Seti inayojitosheleza ina picha sita hivi. Ya kwanza ni mchoro, hata uliochorwa kwa kalamu ya risasi, ilimradi unaonyesha sakiti inatoka wapi na inaishia wapi. Ya pili ni mabomba na visanduku kwenye ukuta mtupu, huku tepu imefunguliwa kutoka sakafuni ili urefu usomeke. Ya tatu ni waya ukiwa karibu kiasi cha maandishi yake kuonekana, milimita 2.5 za mraba. Ya nne ni viungo ndani ya kisanduku kimoja kabla ya soketi kufungwa. Ya tano ni ubao wa breka, kifuniko kikiwa wazi na kila breka imeandikwa inahudumia nini. Ya sita ndiyo wengi huisahau: kipimo. Kifaa cha kupima insulesheni (uwezo wa ganda la waya kuzuia umeme usivuje) kwa volti 500, umeme umekatwa, na namba inasomeka kwenye kioo. Kwa nyumba ya kawaida isiwe chini ya megaomu 1, na nyaya mpya hutoa namba kubwa zaidi ya hiyo kwa mbali. Picha hiyo moja hujibu vigezo viwili au vitatu kwa mkupuo: unajua kupima, unajua usalama, unajua kusoma matokeo.

Chini ya kila picha andika sentensi tatu au nne. Nini kinafanyika, lini na wapi, kwa zana gani, na kwa nini hivyo badala ya vingine. Hiyo "kwa nini" ndiyo inayomtenga fundi na mpiga picha. "Nimetumia waya wa 2.5 kwa sababu ni sakiti ya soketi. Ule wa 1.5 nimeupeleka kwenye taa" ni maneno machache, na yana uzito kuliko ukurasa mzima wa sifa.

Neno moja kuhusu simu. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora na hupoteza taarifa zake za ndani, ikiwemo tarehe ya kupigwa. Namba kwenye kipimo huwa ukungu. Itume kama waraka, au ihamishe kwa waya. Jina la kila picha lianze na mwaka, kisha mwezi, siku na kazi, mfano 2025-03-14-soketi-kipimo, nazo zitajipanga zenyewe kwa mfululizo. Halafu weka nakala nje ya simu. Simu huibwa na simu huanguka kwenye ndoo ya maji, na hakuna kinachokatisha tamaa kama kurudi mwanzo ukiwa na vipande 19.

"Faili likiwa nene, mtathmini ataridhika"

Picha 40 za milango ya chuma iliyofanana ni ushahidi mmoja uliorudiwa mara 40. Mtathmini hupima manne: je, ushahidi unahusu kigezo, ni wako kweli, ni wa karibuni, na unatosha? Kinachomsaidia ni jedwali la ukurasa mmoja au miwili mwanzoni. Safu ya kwanza ni kigezo kama kilivyoandikwa kwenye mwongozo wa fani, ya pili ni namba ya ushahidi, ya tatu ni ukurasa. Ushahidi mmoja unaruhusiwa kutokea kwenye mistari mitatu.

Jedwali hilo linakufaa wewe kabla ya kumfaa yeye. Litengeneze siku ya kwanza, likiwa tupu. Kila jioni unaona mistari iliyobaki, na swali la "nianzie wapi leo" linakuwa limeshajibiwa. Tukiulizwa ni kitu gani kimoja kinachomaliza faili, tutataja jedwali tupu lililobandikwa ukutani kabla ya kutaja ari ya aina yoyote.

"Bosi ameshaniandikia kuwa mimi ni mchapakazi"

Uchapakazi si kigezo. Barua inayofaa hutaja kazi zenyewe, tarehe ya kuanza na kumaliza, ukubwa wake (vyumba vingapi, mita ngapi, magari mangapi), kama ulifanya peke yako au chini ya usimamizi, na namba ya simu ya mwandishi ambayo ikipigwa inapokelewa. Kwa kuwa mabosi wengi hawapendi kuandika, mpelekee karatasi yenye mambo hayo yameachiwa nafasi, ajaze na kusaini. Si udanganyifu, ni kumrahisishia. Usiyejaajiriwa kamwe omba kwa wateja: mwenye nyumba uliyoiwekea umeme ni shahidi mzuri, pengine kuliko bosi aliyekuwa akipita saiti mara moja kwa wiki.

"Nitamlipa kijana wa steshenari alimalize"

Kuchapa, kupanga kurasa, kufunga jalada: mlipe, hakuna kosa. Maelezo ya kazi yawe yako. Faili halisimami peke yake; huambatana na maswali ya ana kwa ana na mara nyingi kazi ya vitendo. Mtathmini atafungua ukurasa wa 12 na kuuliza kwa nini hapa uliweka breka ya amperi hizi na si kubwa zaidi. Aliyeandikiwa atakwama hapo, na kukwama huko kutatia shaka hata picha zake za halali. Picha zilizookotwa mtandaoni ni mbaya zaidi: soketi za nchi nyingine hujitambulisha zenyewe.

Kama kuandika kunakupa shida, jirekodi kwa sauti ukiwa kazini, dakika mbili, ukieleza unachofanya kama unavyomweleza msaidizi wako. Nyumbani sikiliza na uandike vilevile ulivyosema. Kiswahili cha saiti kinatosha kabisa.

"Nimeliacha wiki tatu, basi tena"

Phillippa Lally na wenzake huko London, katika utafiti uliochapishwa 2010, waliwafuatilia watu waliokuwa wakijenga tabia mpya. Wastani wa muda wa tabia kuzoeleka ulikuwa siku 66, lakini tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno, kutoka 18 hadi 254. Kuruka siku moja hakukuharibu maendeleo kwa kiasi cha kuonekana. Wiki tatu si siku moja, kweli, ila picha zako hazikuoza. Kinachofanya kurudi kuwe kugumu ni kutokumbuka ulipoachia. Basi kila unapofunga faili andika mstari mmoja juu yake: "Kinachofuata: maelezo ya picha ya ubao wa breka." Ukirudi baada ya mwezi, unaanza na mstari huo. Usipoteze jioni nzima kulisoma upya lote na kulipamba.

"Tangaza kwa wote, utaona aibu kuacha"

Gollwitzer huyo huyo na wenzake walichapisha mwaka 2009 majaribio yaliyoonyesha kinyume: nia ya mtu kuwa fulani ikishatambuliwa na wengine, juhudi zake zilipungua. Pongezi za kundi la familia humfanya mtu ajisikie ameshafika. Afadhali mtu mmoja, ikiwezekana fundi mwenzio anayeandaa la kwake, na ahadi ya kitu kinachoshikika: Jumapili saa kumi nakuonyesha kurasa tano za plasta na rangi, nawe unanionyesha zako.

"Likirudishwa, nimefeli"

Tathmini ya umahiri haiendi kama mtihani wa darasa la saba. Kenya, matokeo ya chini kabisa kwenye mitihani ya mtaala wa umahiri husomeka kuwa bado hujafikia umahiri. Tanzania, fundi anayekutwa na mapungufu hupangiwa mafunzo mafupi ya kuziba pengo, kisha hupewa cheti akishaliziba. Kigezo kilichopita huwa kimepita.

Faili likirudi, omba maelezo kwa maandishi: ni vigezo vipi, kwa namba. Maneno kama "boresha ushahidi" hayafanyiki kazi. "Kigezo cha upimaji hakina matokeo" yanafanyika. Kisha rudi kwenye lile jedwali, futa ukurasa kwenye mistari hiyo tu, na ujiulize ni kazi gani iliyo mkononi mwezi huu inayoweza kuijaza. Kama kilichokosekana ni kipimo cha insulesheni, mpigie mteja wa zamani, omba ukague sakiti zake bila malipo, azima kifaa, piga picha namba ikiwa kwenye kioo, naye asaini siku hiyo hiyo kabla hujaondoka.