Msiniombe nikate matangazo

Kila mara mtu anapoomba nakala ya kipindi cha zamani cha redio ya Marekani, ombi ni lilelile: "Tunaomba nakala safi, isiyo na matangazo ya biashara." Halafu mwombaji, kwa wema wake, ananifundisha kazi: eti NBC, mtandao wa vituo vya redio, walitunga mchezo, kampuni ya sabuni ikaja ikachomeka tangazo katikati, basi tukilitoa tutabaki na sanaa yenyewe. Nimelisikia hili vya kutosha. Kwa redio ya Marekani, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi mwishoni mwa miaka ya 1940, mambo yalikwenda kinyume, na anayeshika mkasi bila kulijua hilo anaharibu rekodi huku akijisifu kwa usafi.

NBC na mtandao mwenzake, CBS, waliuza muda. Yaani studio, mafundi, laini za simu za kuunganisha vituo, na saa fulani ya siku fulani. Mdhamini aliinunua nusu saa yote, kwa kawaida kwa vipande vya wiki 13, na kilichoijaza kilikuwa chake. Aliyekitengeneza ni wakala wake wa matangazo: wakala aliajiri mwandishi, mwongozaji, waigizaji na okestra, akapitisha skripti kwa mdhamini, akachukua asilimia 15 yake. J. Walter Thompson walitengeneza Lux Radio Theatre kwa ajili ya Lever Brothers. Blackett-Sample-Hummert walizalisha michezo ya mchana ya dakika 15 kama kiwanda. BBDO walitengeneza Cavalcade of America kwa DuPont, kampuni iliyotaka sana watu waache kuikumbuka kwa baruti ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mtandao ulikuwa mwenye ukumbi aliyemkodisha mwenye harusi. Mwenye ukumbi hapangi pilau.

Naelewa kosa linatoka wapi. Redio zetu za Nairobi na Dar es Salaam zilikua kwa desturi ya BBC, ambako kituo ndicho mwenye kipindi. Leo ukisikia "kipindi hiki kimeletwa kwenu na" fulani, jina limebandikwa juu ya kitu ambacho tayari kipo. Marekani ya mwaka 1935 maneno hayo yalikuwa na uzito wake kamili: huyo ndiye aliyekileta, na asingekileta kisingekuwapo.

Ushahidi uko kwenye majina. Kipindi cha mchekeshaji Jack Benny, ambacho kila mtu siku hizi anakiita "kipindi cha Jack Benny", rasmi kilikuwa The Jell-O Program, kisha The Grape-Nuts Flakes Program, kisha The Lucky Strike Program (kitindamlo, nafaka, sigara). Kabla ya hapo alikuwa wa Canada Dry, wa Chevrolet na wa General Tire. Mchekeshaji mwingine, Fred Allen, aliongoza The Hour of Smiles, na "tabasamu" zile zilikuwa mbili: dawa ya meno ya Ipana kwa tabasamu la uzuri, na dawa ya tumbo ya Sal Hepatica kwa tabasamu la afya, zote za Bristol-Myers. Kwenye muziki mambo yalikuwa wazi zaidi. Billy Jones na Ernie Hare waliimba kama The Happiness Boys kwa sababu aliyewalipa ni maduka ya peremende ya Happiness. Walipohamia kwa watengenezaji wa soksi za Interwoven wakawa The Interwoven Pair, na kwa mkate wa Taystee wakawa The Taystee Loafers. Watu walewale, sauti zilezile. Kwenye The Palmolive Hour mwimbaji Frank Munn alipewa jina la Paul Oliver, na Virginia Rea akawa Olive Palmer. Yasomeni majina hayo kwa sauti kama hamjaona ujanja.

Mbona walijisumbua hivyo? Kwa sababu mitandao ilikataza kutaja bei katika vipindi vya jioni hadi mwaka 1932, na miaka ya 1920 hata kusifia bidhaa waziwazi kulionekana utovu wa adabu. Basi sifa zikaingizwa kwenye jina la bendi na kwenye wimbo wa kufungulia. Clicquot Club Eskimos wa Harry Reser, bendi ya banjo ya soda ya tangawizi, walifungua kwa kengele za sleji na mbwa wakibweka, kwa kuwa nembo ya soda ilikuwa mtoto wa Kieskimo. Mtu aliniandikia akitaka "zile kelele za mbwa" ziondolewe. Hizo kelele ndizo tangazo, ndugu yangu, na pia ndizo muziki.

Sasa tuje kwenye mchezo wenyewe, maana hapa ndipo mkasi unapoumiza. Chukueni Fibber McGee and Molly, kichekesho cha mume na mke ambacho kilianza 1935 na kikabaki na nta ya sakafu ya Johnson hadi 1950. Kinafunguliwa kwa jina la nta, kisha jina la watu. Dakika kadhaa baadaye Fibber na Molly wako nyumbani kwao 79 Wistful Vista, mlango unagongwa, anaingia mtangazaji Harlow Wilcox kama jirani aliyepita kusalimia. Mazungumzo yanaanza na jambo lolote lile. Fibber, ambaye amempa Wilcox jina la utani Waxy (yaani wa nta), anajua kinachokuja na anajaribu kukwepa. Wasikilizaji ukumbini nao wanajua, wameanza kucheka kabla nta haijatajwa. Wilcox anapinda maneno hadi yafike kwenye sakafu inayong'aa. Utakata wapi? Ukikata pale nta inapotajwa, umebaki na maandalizi ya kichekesho bila kichekesho. Ukikata tangu mlango unapogongwa, umeondoa onyesho zima, na baadaye mtu akirejelea maneno ya Wilcox hakuna atakayeelewa.

Au Little Orphan Annie, mchezo wa watoto uliodhaminiwa na kinywaji cha Ovaltine. Tangu 1935 hadi 1940 mtoto aliyetuma kifunikio cha ndani cha kopo, mara nyingi pamoja na senti 10, alipata beji ya kusomea siri. Mwisho wa kipindi mtangazaji alisoma tarakimu, mtoto akazigeuza kuwa herufi, akapata dokezo la sehemu inayofuata. Nimekutana na nakala zilizokatwa mwisho huo kwa kuwa "ni tangazo tu la Ovaltine". Kumbe kilichokatwa ni kisa chenyewe.

Opera ni tofauti kidogo, nakiri. Kampuni ya mafuta ya Texaco walipoanza kudhamini vipindi vya Jumamosi vya Metropolitan Opera tarehe 7 Desemba 1940, hakuna aliyethubutu kumkatiza mwimbaji. Maneno ya mdhamini yalikaa mwanzoni, mwishoni na mapumzikoni. Hapo unaweza kukata bila kugusa noti hata moja. Hata hivyo utakata na mazungumzo ya mapumziko, ambayo watafiti wengine wanayathamini kuliko uimbaji.

Kuhusu wingi: wengi wanadhani matangazo yalikula robo ya kipindi. Kanuni za chama cha vituo, NAB, za mwaka 1939 zilitoa dakika 3 kwa nusu saa ya usiku, na dakika 3 na sekunde 15 kwa robo saa ya mchana. Ndiyo, mchana ndiko kulikobanwa na sabuni zaidi. Ila msiniulize Wilcox sebuleni anahesabiwa dakika ngapi. Nimejaribu kupima kwa saa ya kusimamisha na kila mara napata jibu tofauti, kwa sababu sijui nianzie wapi.

Kipimo kinachofaa ni urefu wa jumla. Nusu saa ya mtandao ilikuwa kama dakika 29 na sekunde 30. Sekunde zilizobaki ni za kituo kujitambulisha. Faili likiwa la dakika 24 au 25, usifurahi kwamba umepata "safi". Kuna aliyeshika mkasi kabla yako, na mara nyingi ni jeshi. AFRS, redio ya majeshi ya Marekani iliyoanzishwa 1942, ilichukua vipindi vya mitandao, ikaondoa wadhamini, ikajaza mapengo kwa muziki na kuvisambaza kwa santuri kambini. Hizi ndizo zilizowafanya watu wengi waamini kwamba vipindi vilikuwa hivyo tangu mwanzo. Utazitambua: makofi yanayokatika ghafla badala ya kufifia, mtangazaji wa kufunga mwenye mwangwi usiofanana na wa ukumbi, na okestra inayoendelea kupiga kwa dakika mbili mwishoni bila sababu. Vipo vipindi ambavyo nakala ya AFRS ndiyo pekee iliyobaki. Hapo tunaipokea kwa shukrani, lakini kwenye lebo ya nakala yetu tunaandika AFRS kwa herufi kubwa.

Kuna kundi jingine lisilo na matangazo kihalali: vipindi ambavyo mtandao uliviendesha kwa fedha zake kwa kuwa saa ile haikupata mnunuzi, au kwa ajili ya heshima. Mercury Theatre on the Air ya Orson Welles ilianza Julai 1938 kwa CBS bila mdhamini. Ndiyo maana tarehe 30 Oktoba 1938 mchezo wa uvamizi kutoka Mirihi ulikwenda takriban dakika 40 kabla ya mapumziko ya kwanza. Mdhamini angekatiza mapema zaidi na kumkumbusha kila mtu kuwa yuko sokoni. (La kwamba nchi nzima iliuamini ikataharuki tusilianze, magazeti yalilikuza.) Desemba mwaka huohuo supu ya Campbell ikakichukua, kikaitwa The Campbell Playhouse. Na msinirukie kwa mifano ya kinyume, ninayo: mchezo wa The Lone Ranger ulikuwa mali ya watu wa kituo cha WXYZ, Detroit, wakauza udhamini baadaye. Na mwaka 1948 CBS chini ya mkuu wake, William Paley, ilianza kununua kampuni za wasanii wenyewe, ndiyo Jack Benny akatoka NBC na kusikika CBS Januari 1949. Kuanzia hapo mizani inaelekea kwa mtandao. Mpaka lini hasa mdhamini alishika usukani, hutegemea kipindi unachokizungumzia. Tarehe moja ya kukata ubishi haipo.

Kwa walio na santuri zenyewe za vipindi hivi mkononi, haraka haraka. Ni za inchi 16, mizunguko 33⅓ kwa dakika, kama dakika 15 kila upande, laka (aina ya vanishi) juu ya alumini. Zile za miaka ya vita mara nyingi ni laka juu ya kioo, basi zishike kama kioo. Sindano ya santuri za kawaida za LP, ya mikroni 25 hivi, itachimba chini kabisa ya mfereji wa sauti ulioharibika na kuleta kelele. Anza na mikroni 50 hadi 65. Tazama kama mfereji unaanzia ndani: sehemu za 1 na 3 za kipindi huweza kuanzia nje, za 2 na 4 ndani, ili sauti ifanane pale santuri zinapobadilishana. Unga mweupe ni asidi inayotoka kwenye laka. Osha kwa maji yasiyo na madini na sabuni laini, usitumie spiriti. Laka ikiwa imeanza kubanduka usioshe kabisa: inakili kwanza, maana huenda usipate nafasi ya pili. Biti 24, kilohezi 96, bila kuchuja kelele kwenye nakala mama.

Kuhusu kurekebisha besi na sauti za juu, vitabu vitakupa kiwango cha NAB cha 1942 na kuishia hapo. Ukweli ni kwamba santuri nyingi zilikatwa kwenye studio ndogo ambazo hazikuandika walichofanya. Ninageuza vitufe mpaka sauti ya mtangazaji isikike kama ya mtu aliye mbele ya maikrofoni, basi. Mwenzangu angegeuza tofauti na nisingeweza kumwambia amekosea.

Na santuri isiyo na tarehe? Sikiliza tangazo, kwa sababu mchezo wenyewe hautakuambia kitu. Jack Benny akiuza Jell-O ni kabla ya vuli ya 1942. Sukari ilipokuwa ya mgawo, General Foods, watengenezaji wa vyote viwili, walimhamishia kwenye Grape-Nuts. Lucky Strike wakisema rangi ya kijani ya pakiti yao imekwenda vitani, ni mwishoni mwa 1942. Sabuni ikikuhimiza uhifadhi mafuta uliyokaangia na kumpelekea muuza nyama, ni 1942 au baada yake. Na ikikuahidi pointi za mgawo pamoja na senti kwa kila ratili ya mafuta hayo, basi haiwezi kuwa ya kabla ya mwisho wa 1943. Andika hayo kwa kalamu laini kwenye bahasha ya santuri, si kwenye lebo.