Kuipa C pointa ya namba iliyo ndani ya strakti, ukiwa kwenye Python

Chukua frexp, fanksheni ya maktaba ya hisabati ya C. Unaipa namba ya desimali pamoja na pointa (anwani ya mahali kwenye kumbukumbu) ya int. Ukiipa 8.0 inarudisha 0.5, na pale pointa inapoelekeza inaandika kipeo, yaani 4, kwa kuwa 0.5 × 2⁴ ni 8. Sasa tuseme unataka kipeo hicho kiingie moja kwa moja kwenye strakti yako (kifurushi cha uga kadhaa) ya ctypes, moduli ya Python ya kuita maktaba za C:

    class Jibu(Structure):
        _fields_ = [("namba", c_double), ("kipeo", c_int)]

    j = Jibu()
    frexp(8.0, byref(j.kipeo))

Kazi ya byref ni kutoa pointa ya kitu cha ctypes. Hapa Python inakataa kwa TypeError (kosa la aina ya data), na ina haki. Ukitaja j.kipeo, ctypes haikupi c_int iliyo kwenye kumbukumbu ya strakti. Inasoma thamani yake na kukutengenezea int ya kawaida ya Python, ambayo haina uhusiano tena na j. Strakti iliyo ndani ya strakti haigeuzwi hivyo: ukiitaja, unapata kitu kinachotumia kumbukumbu ileile.

Wengi hapo hukimbilia byref(c_int(j.kipeo)). Kosa linatoweka, frexp inaandika 4, ila inaiandika kwenye c_int mpya isiyojulikana na yeyote, na j.kipeo inabaki 0. Afadhali mara mia ile TypeError, kwa sababu sasa programu inaendelea kimya ikiwa na jibu la uongo.

Mimi hutumia from_buffer, inayotengeneza c_int juu ya kumbukumbu ileile ya j:

    k = c_int.from_buffer(j, Jibu.kipeo.offset)
    frexp(8.0, byref(k))

Kwenye kompyuta za kawaida za biti 64, offset hapo (umbali wa uga kutoka mwanzo wa strakti, kwa baiti) ni 8, kwani c_double imechukua baiti 8 za mwanzo. Usiiandike kwa mkono. Ukiongeza uga mwingine kabla ya kipeo inaweza kubadilika.

Kuna pia byref(j, Jibu.kipeo.offset), fupi zaidi. Lakini ukishatangaza kwenye argtypes (orodha ya aina za vigezo vya fanksheni) kwamba kigezo hicho ni POINTER(c_int), jambo ambalo nasisitiza ulifanye siku zote, ctypes itaikataa kwa kuwa bado inaihesabu kuwa pointa ya Jibu. Kuondoa argtypes ili ipite ni kuutupa ulinzi pekee ulio nao dhidi ya pointa ya aina isiyo sahihi.

Faida nyingine ya from_buffer ni kwamba k inaishikilia j, kwa hiyo kumbukumbu haiachiliwi k ikiwa hai. Ila maktaba ya C ikiihifadhi pointa ili iitumie baadaye, k au j lazima uitunze mwenyewe hadi maktaba imalize kazi: Python haina namna ya kujua kwamba C bado inaishika anwani ile.