Soma Rekodi Kwanza: Hatua za Mwanzo za Kutuni Injini ya Subaru

Vijana wengi wanaoleta Subaru Impreza WRX katika karakana yangu hapa Nairobi huja wakiwa wameshanunua waya wa kuunganishia kompyuta ya gari, na wameshapakua RomRaider, programu isiyolipiwa inayosoma na kuhariri ramani za injini za Subaru. Swali lao la kwanza kuhusu kutuni, yaani kurekebisha namba za ramani hizo ili injini itoe nguvu zaidi, huwa ni wapi pa kuongeza. Mimi huwaomba wasiongeze chochote kwa wiki mbili, bali waendeshe kama kawaida na kuhifadhi rekodi za kila safari, yaani vipimo ambavyo kompyuta ya gari huvisoma injini ikifanya kazi.

Ramani hizo ni majedwali. Upande mmoja una mizunguko ya injini kwa dakika, upande wa pili una mzigo, yaani gramu za hewa zinazoingia kwa kila mzunguko, na kila kisanduku kina namba inayoiambia injini imwage petroli kiasi gani au iwashe cheche wakati gani. Anayeanza hana budi kujua gari lake hupita katika visanduku vipi kabla ya kugusa namba hata moja.

Tuanze na petroli. Kinadharia, gramu 1 ya petroli huungua yote kwa gramu 14.7 za hewa, na gari linapokwenda taratibu kompyuta hujisahihisha yenyewe kuuelekea uwiano huo kwa kusikiliza sensa ya oksijeni. Rekodi ikionyesha masahihisho yanayozidi asilimia 5 hivi, tafuta kwanza mpira wa hewa uliopasuka au sensa ya hewa iliyochafuka, kwa maana ramani haizibi tundu. Ukikanyaga mafuta hadi mwisho, mambo hubadilika: injini ya tabo, yaani yenye kifaa kinachoisukumia hewa zaidi, huhitaji petroli zaidi, uwiano wa 11 hadi 11.5 hivi, ili chumba cha kuunguzia kisipate joto la kupita kiasi, na hapo kompyuta haijisahihishi tena. Kwa hiyo, mwenye fedha za kununua kitu kimoja tu anunue sensa ya oksijeni ya bendi pana, inayoweza kupima hata uwiano huo wa petroli nyingi, pamoja na geji yake, na bomba kubwa la ekzosi lisubiri.

Cheche ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Huwashwa nyuzi kadhaa za mzunguko wa injini kabla pistoni haijafika juu kabisa, na ukiiwahisha nguvu huongezeka hadi kiwango fulani; ukikivuka, mchanganyiko ambao bado haujafikiwa na moto hujilipukia wenyewe na kuipiga pistoni. Mafundi husema injini inagonga, ingawa neno hilo hutumika pia kwa beringi ya konrodi iliyolika, na mwanafunzi asiyachanganye mawili hayo. Katika injini hizi, mara nyingi kinachotangulia kuvunjika ni kingo nyembamba za pistoni zinazoshikilia ringi.

Nililielewa hili vizuri kwa gharama ya mtu mwingine. Nilituni gari la mteja hapa Nairobi, nikalipima kwenye mashine ya kupimia nguvu, na rekodi zote zikawa safi, yaani hazikuonyesha injini kugonga. Alipoteremka nalo Mombasa, pistoni ya silinda ya nne ilipasuka, na kosa lilikuwa langu. Nairobi iko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni takriban kilopaskali 82, ilhali pwani ni 101. Geji ya tabo inaposoma bari 1 katika miji yote miwili, injini iliyoko Nairobi inapokea jumla ya bari 1.8 na iliyoko Mombasa inapokea 2. Kule pwani gari liliingia katika visanduku vya mzigo mkubwa ambavyo hapa halikuwahi kuvifikia, na ambavyo mimi nilikuwa nimevijaza kwa kufuata mwelekeo wa visanduku jirani bila kuacha nafasi ya usalama. Joto la pwani likakamilisha uharibifu.

Tangu siku hiyo, kila kisanduku ambacho rekodi haikukigusa nakirudisha nyuma kwa nyuzi 3 au 4 za cheche, na namwambia mwenye gari kwa nini.

Rekodi zako zikishakuwa safi, na mtihani wa kompresheni, yaani kipimo cha shinikizo ambalo kila silinda hujenga, ukionyesha silinda zote nne zinalingana, fanya badiliko moja tu: wahisha cheche kwa nyuzi 1 katika visanduku ambavyo injini haikugonga hata mara moja. Kisha rekodi tena kwa gia ya tatu kwenye uwanja uliofungwa au kwenye mashine, kamwe si katika barabara ya umma. Ikiwa nguvu haikuongezeka, irudishe namba ilipokuwa.