Bonge jeusi la hijama si sumu

Wengi waliofanyiwa hijama, au kuumikwa kwa chuku, huamini kwamba lile bonge jeusi linalobaki kikombeni ni damu chafu iliyobeba sumu. Imani hiyo inaeleweka, maana ukiliona linatisha.

Lakini damu ambayo oksijeni yake imepungua huwa nyekundu iliyokoza, na ikikaa kikombeni dakika chache huganda kama kipande cha ini. Zile duara za mgongoni ni damu iliyovilia chini ya ngozi. Taka za damu huondolewa na ini na figo, usiku na mchana.

Siku ukitolewa damu maabara, itazame kwenye bomba la sindano: imekoza vilevile, hata kwa mtu mwenye afya njema. Na ukienda hijama, hakikisha wembe unafunguliwa mbele yako.