Majaribio ya upasuaji wa ngiri kwa wanyama: yanapima nini hasa?

Ngiri hutokea pale utumbo au mafuta ya tumboni yanapojipenyeza kwenye sehemu dhaifu ya ukuta wa tumbo na kutokeza uvimbe, mara nyingi kinenani au kitovuni. Siku hizi inaweza kurekebishwa bila mpasuo mkubwa: daktari hutoboa matundu madogo machache, hulijaza tumbo gesi ya kaboni dioksidi apate nafasi, huingiza kamera na vifaa vyembamba, kisha huziba pengo, aghalabu kwa wavu wa plastiki. Wavu mpya au mbinu mpya kwa kawaida hujaribiwa kwanza kwa wanyama. Kuchungulia tumbo kwa namna hii kwenyewe kulianzia kwa mbwa, mwaka 1901, mikononi mwa Mjerumani Georg Kelling.

Nguruwe hupendelewa kwa kuwa tumbo lake linatosha vifaa vilevile vya binadamu. Panya na sungura hutumika zaidi kujua mwili utaupokeaje wavu, na hapa ndipo majaribio haya yana faida kubwa. Wavu wa polipropilini, aina ya plastiki, ukigusana na utumbo huweza kunatana nao. Basi baada ya wiki kadhaa mtafiti hulifungua tena tumbo na kuangalia: utumbo unaachia ukivutwa taratibu, au hautoki mpaka ukatwe kwa mkasi? Wavu umesinyaa kiasi gani? Kisha kipande cha ukuta wa tumbo, pamoja na wavu wake, huvutwa na mashine hadi kichanike, ili ijulikane vimeshikana kwa nguvu gani.

Lakini pengo la mnyama wa majaribio mara nyingi limekatwa na mtafiti mwenyewe kwenye misuli yenye afya. Ngiri ya mtu mzima huwa na tishu zilizodhoofika kwa miaka, pengine kwa kikohozi sugu au sigara. Tena nguruwe hutembea kwa miguu minne, kwa hiyo uzito wa matumbo haumlemei kinenani kama unavyotulemea sisi. Ndiyo maana siridhiki ninaposoma kwamba mbinu fulani "imethibitika" eti kwa sababu ngiri haikurudi kwa nguruwe. Kama itarudi kwa binadamu, hilo hujulikana kwa kuwafuatilia wagonjwa wenyewe kwa miaka.

Mnyama naye anasikia maumivu. Tangu 1959, wanasayansi Waingereza Russell na Burch walipoweka kanuni zao tatu, mtafiti anatarajiwa kutafuta njia mbadala kwanza, kutumia wanyama wachache iwezekanavyo, na kuwapunguzia mateso, ikiwa ni pamoja na dawa za usingizi na za maumivu.